Mwendo Niliouchukua Madibira

Naikumbuka asubuhi moja ya Madibira, mwanangu, kwa sababu ndiyo asubuhi niliyofanya kosa langu kubwa kuliko yote, na nililifanya nikiwa na furaha. Umekuja kuniambia kwamba umechoka kucheza baleti za watu wengine, unataka kutunga za kwako. Vizuri. Nitakufundisha ninachokijua kuhusu kupanga miili ya watu jukwaani, lakini tutaanza kesho. Leo keti, vuta hilo blanketi ujifunike miguu, maana baridi ya Mbeya mwezi huu haina huruma, nikueleze habari za mama mmoja niliyemkuta akinyoosha mkono kwenye ukungu.

Mimi nilizaliwa Tukuyu, nikakulia hapa mjini, mama yangu akiuza vitenge Mwanjelwa. Nilivyofika kwenye baleti ni habari ndefu. Mtawa mmoja mgeni aliyetufundisha shuleni aliniona nikiruka kamba, akasema miguu yangu inasikiliza. Niliondoka nchini nikiwa na miaka kumi na saba, nikacheza Ulaya miaka kumi na moja, mpaka magoti yakakataa. Mchezaji akikataliwa na magoti hubakiwa na mambo mawili, kuacha kabisa au kuanza kuwapangia wengine mwendo. Nikashika hilo la pili. Nikawa natunga baleti ya kisasa, ile inayochezwa pekupeku, mgongo ukiruhusiwa kupinda. Kazi yangu ya kwanza ilipendwa. Ya pili ilipendwa zaidi, wazungu wakaanza kuandika jina langu bila kuniuliza herufi zake. Kisha nikaalikwa nitunge ya tatu, nikaambiwa safari hii niitunge nyumbani, wao watakuja kuitazama, na wakiridhika wataizungusha kwenye miji yao yote mikubwa.

Nikarudi. Nikapewa ukumbi wa zamani wa kanisa pale Iringa, wenye jukwaa la mbao na mabenchi marefu, nikachagua wachezaji watano. Na hapo kichwa kikawa kitupu. Nilikuwa nasimama mbele ya wale vijana asubuhi nzima, wananitazama, mimi nawatazama, tunaishia kunyoosha viungo na kunywa chai. Siku zikaenda. Wewe bado hujaijua hofu hiyo, ya mtu aliyesifiwa sana na sasa hana kitu mkononi. Itakujia. Ikikujia, jihadhari, maana mtu mwenye hofu hiyo huokota chochote.

Nilipoona siwezi, niliwapa wachezaji mapumziko ya siku chache nikaenda Madibira kwa kaka yangu Ambakisye, aliyekuwa amekodi majaruba ya mpunga kule. Nilifika jioni, nikala, nikalala. Asubuhi nikatoka na kamera yangu ndogo ya video, ile ya mkanda, nikapita kwenye kingo za majaruba. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba maji na hewa vilikuwa rangi moja. Nikamwona.

Alikuwa mama wa makamo, amejifunga kitenge cha rangi ya udongo, amesimama peke yake juu ya ukingo mwembamba karibu na mfereji mkuu. Alinyoosha mkono wa kulia mbele, kiganja kikimtazama mwenyewe, kisha akauvuta taratibu mpaka kifuani. Akaurudisha. Akauvuta tena. Halafu akaanza kurudi nyuma bila kugeuka, hatua tatu, akasimama, hatua tatu, akasimama, na macho yake hayakuondoka kwenye maji. Mwishoni akasogea pembeni kidogo, bega likapinda, kama mnavyofanya mkikutana na mtu kwenye njia nyembamba na mnataka apite. Akageuka, akaenda zake nyumbani, mkono wa kushoto ukiwa umeachana na mwili wake kidogo.

Mwanangu, nilikuwa nimecheza na watu waliojifunza tangu wana miaka mitano, na sijawahi kuona mwendo safi kama ule. Haukuwa na kitu cha kuongeza wala cha kupunguza. Nilimpiga picha tangu mwanzo hadi mwisho, nikiwa nimesimama nyuma ya kibanda cha kuhifadhia mbolea. Kabla hajaingia ndani kwake aligeuza uso upande wangu. Nikajibana kwenye ukuta wa kibanda.

Nilimuuliza kaka, "Yule mama anayeamia ndege kule karibu na mfereji ni nani?"

Ambakisye alikuwa akifunga viatu. "Yule ni Mama Twilumba. Mwache tu."

"Kwani anafanya nini?"

"Nimesema mwache, dada."

Nami nikaacha kuuliza, na nakiri kwako leo kwamba nilifurahi kuacha. Mimi ni mtoto wa wakulima. Nilijua vizuri kwamba ndege hufukuzwa mpunga ukishatoa masuke, na mpunga wa siku zile ulikuwa ndiyo kwanza umepandikizwa, haufiki hata magotini. Hapakuwa na ndege wa kuamiwa. Nililiona hilo kwa macho yangu na nikaamua kutoliona. Kesho yake nikapanda gari la Mafinga, kamera kifuani, nikarudi Iringa nikiimba.

Mwendo ule nilimpa Tusajigwe. Sote tulimwita Tusa. Alikuwa binti wa Uyole, ana miaka kumi na tisa, mtulivu, na alikuwa na kipaji ambacho mwalimu hukutana nacho mara moja au mbili maishani. Nilimwonyesha mkanda mara tatu tu. Mara ya nne alisimama jukwaani akaufanya ule mwendo mzima, hadi kule kupinda kwa bega, na wenzake wanne waliokuwa wakizungumza wakasogea kumtazama.

Alipomaliza aliniuliza, "Mwalimu, yule dada pale mlangoni anamsubiri nani?"

Niligeuka. Mlango ulikuwa wazi, nje kuna jua la saa nne. Hapakuwa na mtu. Nikamwambia huenda ni mpita njia ameondoka, tukaendelea.

Wiki ile ya kwanza kazi ilikwenda kama maji. Hatua zilinijia zenyewe. Nilikuwa napanga kundi zima kuuzunguka mwendo wa Tusa, wale wanne wakipita kushoto na kulia kwake kama watu wanaotembea kwenye kingo za majaruba. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Kila tulipofika sehemu ya wote watano kushuka mbele ya jukwaa, walikuwa wanaacha nafasi kati ya Tusa na mwenzake wa kulia, nafasi ya mtu mmoja. Niliwarekebisha siku ya kwanza. Siku ya pili wakaiacha tena. Siku ya tatu nikasimamisha mazoezi.

"Mbona mnaachana hapo? Sikupanga hivyo."

Binti mmoja anayeitwa Anyesi ndiye aliyejibu, bila kufikiri, akijifuta jasho. "Tunampisha, Mwalimu."

"Mnampisha nani?"

Alifungua mdomo kunijibu, akaufunga. Akawatazama wenzake, wenzake wakamtazama yeye. Hakuna aliyejua. Wakacheka kidogo, kile kicheko cha watu wasiotaka kuendelea na mazungumzo, nami nikacheka nao. Usiku ule niliandika kwenye daftari langu kwamba nafasi ile ibaki, maana inapendeza.

Wiki ya pili Mzee Simoni, mlinzi wa ukumbi, alinifuata na dekio mkononi. Alikuwa Mhehe mkimya, mtu wa kanisa, hajawahi kunisumbua kwa lolote. Tukaamkiana, "Kamwene," "Kamwene," kisha akanionyesha benchi la nyuma kabisa. Lilikuwa limelowa mahali pa kukalia mtu mmoja, na chini yake kuna matope mepesi, meusi.

"Mvua haijanyesha tangu mwezi uliopita," alisema. "Na paa halivuji. Vijana wako wanakaa hapa wakitoka kuoga?"

Nikamwambia nitawauliza. Sikuwauliza. Nilishika yale matope kwa kidole nikanusa. Iringa udongo wake ni mwekundu, unaujua. Yale yalinuka jaruba.

Siku hiyohiyo Tusa alikuja kwangu wakati wa mapumziko, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetoa taarifa za shule, kwamba yule dada sasa haji tena mlangoni. Amekaa ndani, benchi la mwisho. Ana kitu mapajani kimefungwa kwa kitenge. Tusa hamwoni akitazama moja kwa moja. Humwona akinyoosha mkono na kuuvuta, na kila akiuvuta, yule dada husogea mbele kidogo.

"Anaitika, Mwalimu," alisema. "Nadhani anadhani namwita yeye."

Nilimwambia amechoka. Nilimwambia mchezaji mkubwa huona mambo jukwaani, na kwamba hiyo ni dalili ya kipaji, aitumie. Naona aibu kukwambia, lakini sikumwonea huruma siku ile. Niliona uso wake ukibadilika akicheza, umepata kitu ambacho nisingeweza kumfundisha, na nikawa nawaza wageni wangu watakavyonyamaza kwenye viti vyao. Hofu ya binti yule niliihesabu kama sehemu ya kazi yangu.

Wiki ya tatu Tusa alianza kutetemeka. Alikuja na sweta mbili na bado meno yaligongana. Nilimpeleka hospitali, wakampima malaria na kila kitu, hawakukuta ugonjwa. Ijumaa alinisogelea akaninong'oneza, "Yuko benchi la pili kutoka mbele. Wageni wanakuja Jumamosi ijayo. Kwa mwendo huu atakuwa ameshapanda jukwaani. Naomba umpe Anyesi sehemu yangu."

Nikamjibu kwa ukali. Nikamwambia nafasi kama ile haimjii mtu mara mbili, na kama anataka kurudi Uyole kulima viazi mlango uko wazi. Akainamisha kichwa. Akarudi jukwaani, akanyoosha mkono, akauvuta.

Jumapili baada ya ibada nilikuwa chumbani kwangu, nimekula, nikasema niutazame tena ule mkanda, nione kama mwisho wake nimeupata sawasawa. Nilikuwa nimeutazama mara nyingi, lakini siku zote nilikuwa namtazama yule mama. Macho yangu yalikuwa kwenye mkono, kwenye bega, kwenye hatua. Siku ile, sijui kwa nini, nilitazama pembeni yake.

Kwenye ukingo ule kulikuwa na nyasi ndefu zenye umande. Mama alirudi nyuma hatua tatu, akasimama. Na mbele yake, kutoka upande wa maji, nyasi zikalala, kidogo, kisha tena kidogo, kama zinavyolala zikikanyagwa na mtu mwepesi. Alipojisogeza pembeni kupisha, nyasi za upande wa pili zikalala. Hapakuwa na upepo. Ukungu ulikuwa umetulia kama ukuta. Alipogeuka kwenda nyumbani, mkono wake wa kushoto ukiwa umeachana na mwili, nyasi za kushoto kwake zilikuwa zinainama na kuinuka, hatua kwa hatua, hadi mlangoni.

Nilizima televisheni. Nilikaa pale kitandani mchana ule mzima, jua likiwaka nje na watoto wa jirani wakicheza mpira, na sikuthubutu kugeuka kutazama mlango wangu mwenyewe.

Jumatatu asubuhi nilifika ukumbini kabla ya wote, nikamkuta Tusa ameketi ngazini. Nilimwambia anipe mikono yake. Alikuwa amevaa glavu za sufu, akazivua. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja ngozi, vyeupe kwenye ncha, kama vya mtu aliyefua nguo tangu alfajiri. Vilikuwa vikavu. Nilivisugua, nikavipulizia pumzi, havikubadilika.

"Vimeanza lini?"

"Wiki iliyopita," alisema. "Nilitaka kukwambia, nikaona utachukia."

Neno hilo liliniingia kuliko mambo yote niliyoyaona, mwanangu. Nilivua koti langu nikamvika, na wenzake walipofika nikawaambia wote watano waende nyumbani, nikaenda stendi.

Nilifika Madibira alasiri. Sikupita hata kwa kaka yangu. Mama Twilumba alikuwa nje ya nyumba yake akipepeta mchele. Nikapiga magoti kumwamkia kama nilivyolelewa. Aliitikia, akaweka ungo chini, akanitazama.

"Wewe ndiye uliye naye," alisema.

Akanipa kigoda nikae. Kisha akaniambia mambo yote polepole, bila machozi. Twilumba alikuwa mtoto wake wa pekee. Akiwa na miaka ishirini, mwaka wa mvua nyingi, alitoka nyumbani kumpelekea baba yake chakula shambani, sufuria limefungwa kwenye kitenge. Ukingo wa mfereji ukamomonyoka. Watu walitafuta siku nyingi, hawakumpata. Baba yake akafa mwaka uliofuata. Na asubuhi moja mama, kwa uchungu tu, alisimama pale ukingoni akanyoosha mkono kama alivyokuwa akimwita alipokuwa mtoto mdogo anayejifunza kutembea. Akaja.

"Simwoni," alisema. "Najua tu kwamba yupo. Tunatembea hadi hapa. Namkalisha, nampa habari za nyumbani, nani ameoa, nani amevuna. Jua likipanda anarudi. Ndivyo tulivyoishi miaka sita. Sasa wiki tatu nzima naita, haji. Nikadhani Mungu amempumzisha. Nikaanza hata kushukuru. Lakini nikilala namwona amesimama mahali pageni, anatetemeka, hajui aende wapi."

Aliniuliza, "Ukishamwita, unamwambia nini?"

"Simwambii kitu, mama. Mchezaji anaufanya ule mwendo, kisha tunaanza upya."

"Mnaanza upya," alisema. "Mnamwita, akija mnamwita tena. Mara ngapi kwa siku?"

Nikamwambia ukweli, kwamba siku nyingine mara ishirini.

Alifumba macho. Nilisubiri anitukane, na ningeshukuru angenitukana. Alipofumbua aliniambia maneno ambayo nimeishi nayo hadi leo. "Siku ile nilikuona pale nyuma ya kibanda. Nilijua ni mgeni, dada yake Ambakisye. Nikaingia ndani nikakuwekea chai, nikijua utakuja kunisalimia. Chai ikapoa. Ungekuja, binti yangu, ningekuambia kila kitu. Hata mwendo mwingine ningekufundisha, mama yangu alikuwa mchezaji mkubwa wa ngoma za kwetu. Ungepata mingi. Lakini uliona bora uchukue huu mmoja bila kunitazama usoni."

Nililia. Yeye hakulia. Aliingia ndani akafunga vitu vyake vichache.

Tulilala kwa kaka yangu, tukaondoka na gari la kwanza. Tulifika ukumbini saa saba mchana. Tusa alikuwepo kama nilivyokuwa nimemwagiza, na Mzee Simoni, na Anyesi aliyekuja kumshika mwenzake mkono. Mama Twilumba alivua kandambili mlangoni. Alipoingia tu alisimama, akatazama benchi la kwanza, mbele kabisa ya jukwaa. Lilikuwa limelowa, na maji yalikuwa yanadondoka chini, tone, tone, tukisikia sote.

Hakupanda jukwaani kama nilivyodhani. Alikwenda akaketi kwenye benchi lilelile, pembeni ya pale palipolowa, akaanza kuzungumza Kisangu, lugha ya kwao. Mimi Kisangu sikijui, nilikuwa nikishika neno moja moja. Nilisikia jina la baba. Nilisikia akitaja mpunga. Alizungumza muda mrefu, kwa sauti ya mtu anayepiga soga na mwanawe jikoni, na katikati alicheka mara moja. Tusa alikuwa ameegemea bega langu, baridi yake naisikia kupitia koti.

Kisha Mama Twilumba akamaliza. Alikaa hivyo, mikono mapajani. Nikaona mabega yake yanapanda na kushuka, na nikajua kuna jambo anajikaza kulifanya. Akainuka, akatembea hadi mlangoni taratibu, mkono wa kushoto umeachana na mwili. Nilitegemea atoke nje amchukue mwanawe waende stendi. Alifika kizingitini akasimama. Akasogea pembeni, bega likapinda. Alipisha. Akabaki ametazama nje, kwenye jua, kwa muda nisioweza kukwambia ni mrefu kiasi gani. Halafu akaufunga mlango, yeye akiwa ndani.

Alipogeuka alikuwa amezeeka. Alisema kwa Kiswahili, ili wote tuelewe, "Nimemwambia aende kwa baba yake. Nimemwambia sitamwita tena. Nilikuwa namchosha na mimi." Akatafuta pa kukaa, Mzee Simoni akamletea kiti, akaomba chai yenye tangawizi.

Vidole vya Tusa vilirudi kuwa vya kawaida jioni ileile, tukiwa bado tunakunywa chai hiyo. Aliniambia mikono inamwasha, nikamwambia ni damu inarudi. Benchi lilikauka. Nilimpa Mama Twilumba ule mkanda. Hakutaka kuutazama. Aliuweka kwenye jiko la mkaa la Mzee Simoni, tukakaa kwenye ule moshi mbaya wa plastiki mpaka ukaisha.

Jumamosi wageni walikuja. Nilikuwa nimeutoa mwendo wote wa Tusa, na baleti ikabaki na tundu katikati, dakika sita ambazo sikuwa na kitu cha kuzijazia kwa siku tatu nilizobakiwa nazo. Vijana walicheza kwa moyo. Wageni walipiga makofi ya heshima, wakakaa kwa chakula, mmoja wao akanivuta pembeni akaniuliza kile kipande nilichowaandikia kwenye barua kiko wapi. Nikamwambia hakikuwa changu. Hawakuniita tena. Majina mengine yakachukua nafasi ya jina langu kule, na baada ya miaka michache wakawa wanalikosea tena herufi.

Sikuacha kutunga. Nimetunga kazi kumi na nne tangu siku ile, nyingi zimechezwa hapa Mbeya na Iringa na Njombe, kwenye kumbi za shule na za makanisa, na kuna mbili ninazozipenda kuliko zile zilizonipa sifa. Zote mbili zilitoka kwa Mama Twilumba. Nilikuwa naenda kwake kila baada ya mavuno, nakaa wiki nzima, ananifundisha ngoma za mama yake akiwa ameketi, akiniambia mguu huu hivi, wala si hivyo. Jina lake liko kwenye kila karatasi ya onyesho, mbele ya langu. Alifariki akiwa usingizini, na nilikuwapo tukimzika. Tusa alikuja kutoka mbali kumzika. Yeye sasa anafundisha watoto, na nimesikia kwamba mtoto akimwambia anaogopa, hata kama ni uvivu tu, husimamisha muziki kwanza ndipo aulize.

Sasa sikiliza ninachotaka ushike. Utakapokuwa mtunzi utaona watu wakitembea, wakibeba maji, wakiomboleza, wakimwita mtoto, na macho yako yatasema hiyo ni baleti. Yatakuwa yanasema kweli. Lakini mwendo wa mtu una kazi yake. Huenda unaondoa kitu, huenda unaleta kitu, nawe huwezi kujua kwa kutazama kutoka mbali. Nenda kwa mwenyewe. Msalimie, kunywa chai yake, muulize unafanywa kwa ajili ya nini na unaishia wapi. Akikukatalia, shukuru uondoke. Na yule unayempa mwendo huo aucheze amekukabidhi mwili wake, siku akikwambia unamwumiza au unamtisha, kazi ya siku hiyo iishe hapo hapo, hata kama wageni wamekaa kwenye viti. Usiwe kama nilivyokuwa, mtu anayejua kabisa kwamba kuna swali la kuuliza na anaona raha kutoliuliza.

Haya, inuka, giza halijaingia bado, uwahi kufika kwenu. Mungu akupe macho ya kuona na adabu ya kubisha hodi. Akupe wachezaji wanaokuamini, na akujalie usiwe kamwe sababu ya wao kujuta. Magoti yako yadumu kuliko yangu. Watakaokuja kutazama kazi zako warudi majumbani kwao salama, wote, na peke yao. Amina, mwanangu. Kesho uje mapema tuanze.